Karakana ya Bel-Air: Peugeot 504 iliyofufuliwa na muziki usioonekana

Mjini Lubumbashi, mwenye gari la miaka ya 1960 au 1970 anayetaka lirudi barabarani likiwa na muziki wa kisasa ndani yake hupitia kwa kawaida mikono mitatu isiyojuana. Tolye hunyoosha bati na kuchomelea palipooza. Fundi wa umeme hufufua taa. Kisha kijana wa spika huja na msumeno wake na kukata milango ambayo tolye alikwisha kuimaliza. Matokeo yake tunayaona kila Jumapili Kamalondo na Katuba: magari yanayong'aa kwa mbali, lakini besi ikipigwa yanalia kama debe lenye kokoto. Karakana ninayoieleza hapa, iliyoko katika komini ya Kampemba, upande wa Bel-Air, inakwenda kinyume na desturi hiyo. Hapo bati, umeme na sauti ni kazi moja inayosimamiwa na mtu mmoja, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuisifu. Za kuilaumu pia zipo.

Karakana haina kibao. Anayefika mara ya kwanza huelekezwa na wauza makaa wa njia ile, ambao wote wanaijua. Nyuma ya ukuta wa matofali kuna uwanja ulioezekwa mabati upande mmoja, shimo la kuingilia chini ya gari, mashine ya kuchomelea, jenereta yenye kelele isiyovumilika, na chumba kidogo chenye mlango unaofunga sawasawa, ambamo hufanyika kazi ya sauti. Nilipofika palikuwa na Volkswagen Coccinelle isiyo na milango, Land Rover ya Series III, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, na Mercedes-Benz W123 ya dizeli ambayo nitairudia, kwa sababu kisa chake kina mafunzo kwa yeyote anayependa muziki garini. Mwenye karakana ni mtu wa umri wa kustaafu, aliyejifunza kuchomelea katika karakana za reli, kama walivyojifunza mafundi wengi wa rika lake, wengine wao wakiwa wamepitia Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Wateja na wanafunzi wake wote humwita Papa, naye huwaita wateja wote Papa au Mama, hata walio wadogo kwake kwa miaka thelathini.

Gari nililompelekea ni Peugeot 504 ya mwaka 1974, saluni, yenye usukani wa kushoto kama zinavyotaka barabara za Kongo. Peugeot iliizindua 504 mwaka 1968, na kwa mwaka 1969 ikatangazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Sifa zake za Afrika, hata hivyo, hazikutokana na tuzo hiyo bali na njia mbovu. Mtangulizi wake, 404, alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na 504 yenyewe ikayashinda mwaka 1975 na 1978. Nigeria iliiunganisha huko Kaduna, Kenya nayo iliiunganisha kwake, na nchi zote mbili ziliendelea nayo hadi miaka ya 2000, miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983. Kwa mtu wa Lubumbashi jambo hilo lina faida ya moja kwa moja: vipuri vya injini, breki na ekseli bado vinapatikana kwa njia ya Afrika Mashariki. Mwenye kuagiza akumbuke tu kwamba magari ya Kenya yalikuwa ya usukani wa kulia, kwa hiyo dashibodi na vifaa vya usukani vya huko havitamfaa.

Injini sitaizungumzia sana, maana haikuwa na mambo makubwa. Katika injini hii ya sentimita za ujazo 1,971, kila silinda ina bomba lake la chuma linalochomolewa, huku maji ya kupoza yakilizunguka; likilika hutolewa pamoja na pistoni yake na kuwekwa jipya, bila kulazimika kuchonga bloku nzima. Kazi hiyo ilifanywa, kabureta ikasafishwa, na gari likawaka. Fundi yeyote mwenye uzoefu wa Peugeot mjini kwetu angeweza kufanya hivyo.

Bati ndilo lililonionyesha kwamba nimefika mahali tofauti. Kabla ya kutamka bei, Papa alichukua sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa na kuipitisha polepole juu ya mwili wote wa gari. Mahali ambapo sumaku ilishika, palikuwa na chuma. Ilipoteleza, palikuwa na masitiki iliyopakwa na mafundi waliotangulia ili kuficha tundu. Upande wa chini wa mlango wa dereva uligundulika kuwa karibu wote ni masitiki. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: kila mlango wa gari una vitundu chini vya kutolea maji ya mvua yanayopenya kwenye kioo, na vumbi letu jekundu likichanganyika na maji hayo huviziba, maji yakabaki ndani kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, na bati likaoza kutoka ndani kwenda nje. Anayepaka masitiki juu ya uozo huo anauza miezi michache ya uzuri. Papa hukata sehemu mbovu hadi afikie chuma kizima, hukunja bati jipya la unene uleule, hulichomelea kwa vidoto vidogo vilivyoachana ili joto lisilipinde, na huruhusu masitiki ya milimita mbili tatu tu kwa ajili ya kulainisha mshono. Kisha hupuliza nta ndani ya mlango na kuzibua vitundu vyake.

Mtu anaweza kuuliza haya yanahusiana vipi na muziki. Yanahusiana sana, kwa sababu katika magari mengi mlango ndio sanduku la spika. Spika husukuma hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na hewa ya nyuma ikipenya kwenye matundu na kukutana na ile ya mbele, besi hufutika, hata kama spika yenyewe ilinunuliwa kwa bei ya kutisha. Mlango uliooza hauwezi kutoa besi. Mlango uliojazwa masitiki nao hutetemeka hadi masitiki ipasuke, na hapo rangi mpya hufunguka mistari. Nimesikia watu wakimlaumu muuza spika kwa kosa ambalo kwa hakika lilikuwa la tolye, na wengine wakimlaumu tolye kwa kosa la muuza spika. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na mtu mmoja wa kumuuliza.

Rangi ilipulizwa wakati wa kiangazi, naye hakukubali kubembelezwa aifanye mapema zaidi. Unyevu wa masika huingia kwenye rangi na kuififisha mng'ao. Kiangazi nacho kina vumbi, lakini vumbi linaweza kutulizwa kwa kumwagia sakafu maji na kutundika nailoni kuzunguka gari. Rangi ikatoka sawa, ingawa chini ya taa kali naona punje chache kwenye kifuniko cha buti. Lililonisikitisha ni jingine. Rangi anayotumia siku hizi ni ile inayochanganywa na kigumishi, na vigumishi hivyo vina isosianeti, kemikali inayoharibu mapafu na inayoweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Kijana aliyepuliza rangi ya gari langu alikuwa amejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii mvuke. Panahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nilimwambia Papa hivyo, akaniitikia kwa adabu, na nilipopita tena kitambaa kilikuwa kilekile. Karakana inayojali bati kiasi hiki ingepaswa kujali mapafu ya wanafunzi wake.

Tuje kwenye umeme. Waya za gari lenye umri wa miaka hamsini huwa zimepitia mikono mingi, na kila mkono umeacha kiungo chake cha kusokotwa na utepe. Papa aling'oa viungo vyote vya namna hiyo, akaviunga upya kwa kulehemu na kuvifunika kwa mipira inayosinyaa kwa joto, kisha akasafisha kila mahali ambapo waya wa arthi unagusa bodi, akakwangua hadi chuma king'ae, akakaza kwa skrubu na kupaka grisi. Hatua hii hudharauliwa kwa sababu haionekani. Lakini katika gari, bodi nzima ndiyo njia ya kurudishia umeme kwenye betri, na kutu kidogo chini ya skrubu moja inatosha kufifisha taa na kuleta mlio mwembamba kwenye spika unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini.

Mkubwa huyu ana tabia ya kuhesabu kwanza, kwa kalamu, kwenye kipande cha boksi. Hesabu ya gari langu ilikuwa hivi. Amplifaya niliyoitaka ilikuwa ya wati 400 halisi, yaani wati inazoweza kuzitoa mfululizo, wala si zile namba kubwa zinazochapishwa kwenye maboksi kwa ajili ya kupamba. Amplifaya ya daraja la D, ambayo ndiyo yenye kupoteza umeme kidogo kwa joto, hutumia takriban wati 500 ili kutoa hizo 400. Ukigawanya kwa volti 13.8 za gari linalonguruma, unapata ampea 36. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja zinaongeza karibu ampea 8, na bado hujahesabu mfumo wa kuwashia injini, taa za nyuma na wipa. Alteneta ya zamani, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, isingeubeba mzigo huo usiku wa mvua. Ni kweli kwamba muziki haudai nguvu yote muda wote, kwa kuwa kilele hudumu sehemu ndogo ya sekunde, lakini yeye hapimi kwa matumaini. Aliweka alteneta yenye nguvu zaidi, akanirudishia ile ya asili ikiwa imefungwa kwenye gazeti ili niihifadhi.

Kisha likaja suala la waya mkubwa wa kutoka betri hadi kwenye amplifaya, na hapa niruhusiwe kulalamika kwa niaba ya mji mzima. Tunaishi juu ya shaba; mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na malori ya shaba yanatupita kila siku kuelekea Kasumbalesa. Hata hivyo, waya nyingi za amplifaya zinazouzwa sokoni kwetu ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba juu yake. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya uwezo wa shaba ya unene uleule, na kiungo chake hulegea kadiri kinavyopata joto na kupoa. Papa hukwangua ncha ya waya kwa kisu mbele ya mteja: ikibaki nyekundu ni shaba, ikigeuka nyeupe anaurudisha dukani. Kwangu alitumia shaba tupu ya milimita za mraba 16, akaipitisha ndani ya bomba la plastiki, akaweka mpira palipo na tundu la ukuta wa injini, na fyuzi kubwa umbali usiofika sentimita 30 kutoka kwenye betri. Fyuzi hiyo hailindi amplifaya kama wengi wanavyodhani. Inalinda gari lisiungue waya ukichubuka na kugusa bodi, na ndiyo maana fyuzi iliyowekwa nyuma ya gari, karibu na amplifaya, ni sawa na kutokuwa nayo.

Sasa sauti yenyewe. Sharti nililompa lilikuwa kwamba mtu akifungua mlango asione kitu chochote ambacho hakikuwepo mwaka 1974. Aliniuliza swali moja tu, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa, munataka muziki ao munataka kelele?" Nilipojibu, akasema basi hatakata bati lolote. Maneno hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Mlango wa 504 uliokatwa kwa ajili ya spika ya yai haurudi tena kuwa mlango wa 504, na thamani ya gari hupungua kwa kila tundu. Kitu kilichowekwa bila kukata kinaweza kuondolewa siku moja na mwenye gari mwingine mwenye ladha nyingine.

Redio ya zamani, yenye vifundo viwili vya kuzungusha na sindano inayotembea juu ya namba za masafa, ilibaki mahali pake. Ndani yake aliondoa sakiti zilizokufa na kuweka bodi ndogo ya kisasa inayopokea FM na Bluetooth, akaunganisha kifundo cha kushoto kiwe cha kuwasha na kuongeza sauti kama zamani. Sindano bado inatembea, ingawa kwa Bluetooth haina kazi. Wapo wanaoona kwamba kutoa uhai wa redio ya asili ni dhambi kubwa kuliko kuweka redio mpya. Kama yangu ingekuwa inafanya kazi ningekubaliana nao, lakini ilikuwa imenyamaza kwa miaka mingi na mtu alikwisha kuchomoa nusu ya vipande vyake.

Spika za mbele zimewekwa katika visanduku vya mbao vilivyotengenezwa kwa umbo la pembe ya chini ya dashibodi, pembeni mwa miguu ya dereva na ya abiria, vikafunikwa kwa kitambaa cheusi kinachofanana na kapeti. Vinashikwa na skrubu za asili za kapeti. Hakuna tundu jipya. Twita mbili, yaani spika ndogo za sauti nyembamba, zimefichwa nyuma ya matundu ya hewa ya dashibodi. Kwa nyuma alitoa ubao wa chini ya kioo, akautumia kama kielelezo kukata mwingine wa plaiwudi, akauwekea spika mbili na kuufunika kwa kitambaa chembamba kinachopitisha sauti, na ule wa asili ukaenda kukaa na alteneta nyumbani kwangu. Sabufa moja ya inchi 8 imo ndani ya sanduku lililofungwa kabisa, upande mmoja wa buti. Alipendekeza sanduku lililofungwa badala ya lile lenye tundu la kutolea hewa. La tundu hupiga kwa nguvu zaidi kwa wati zilezile, lakini lililofungwa huacha noti ya besi inyamaze inapopaswa kunyamaza. Alikataa pia mbao za unga zilizogandamizwa kwa gundi, ambazo ni nafuu na zinakatika vizuri, kwa sababu hunywa unyevu wa masika na kuvimba.

Kazi iliyonipendeza zaidi ndani ya milango ni ile ya kunyamazisha bati. Katika soko utauziwa lami ya kuezekea paa ikiitwa dawa ya kelele. Jua la Oktoba huiyeyusha, ikatiririka hadi kwenye vile vitundu vya kutolea maji na kuleta harufu isiyotoka. Yeye hutumia karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili ya alumini, akizibandika katikati ya bati, mahali linapotetemeka zaidi, na kufunika kama theluthi moja tu, kwa kuwa hiyo inatosha kuua mlio na wala hakuna haja ya kuongezea gari uzito wa mtu mzima. Ukigonga mlango wa gari langu leo kwa kidole unajibu kwa sauti fupi na nzito. Hata spika zikizimwa, safari ya Likasi imekuwa tulivu kuliko ilivyokuwa.

Nilipokwenda kusikiliza, nilikuwa nimebeba rumba yenye magitaa mawili yanayojibizana, na rekodi ya karindula. Wale wasioijua karindula wa mji wetu wafahamu kwamba ni banjo kubwa ambayo tumbo lake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, na noti zake za chini huumbua mfumo wa muziki uliotengenezwa vibaya, maana zinageuka kuwa mngurumo mmoja usio na umbo. Humu ndani kila pigo lilisikika peke yake, na ngozi ikasikika kuwa ngozi. Magitaa ya rumba yalikaa kila moja upande wake, ingawa kwa dereva lile la kushoto liko karibu mno kwa sababu spika iko jirani na goti lake. Mfumo wa bei kubwa zaidi ungerekebisha hilo kwa kuchelewesha sauti ya upande mmoja kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wangu haufanyi hivyo, nami sikuulipia.

Mlio mmoja ulibaki, wa tak-tak iliyoandamana na injini. Asili yake ni mfumo wa zamani wa kuwasha kwa platini, unaotoa cheche kwenye kila plagi na kuzitangaza kama kituo kidogo cha redio. Waya za plagi zilikuwa zimebadilishwa zamani kuwa za shaba; wakaweka zenye kiini cha kaboni, wakaongeza kapasita kwenye koili, na waya za ishara zinazokwenda kwenye amplifaya zikapitishwa upande wa abiria, mbali na waya wa umeme uliopita upande wa dereva. Mlio ukaisha, na halikuongezwa lolote kwenye bili.

Nilisema nitairudia ile Mercedes. Katika W123 makufuli ya milango hufanya kazi kwa hewa inayonyonywa kupitia mirija myembamba, na kwenye injini za dizeli mfumo huohuo wa kunyonya ndio unaozima injini ufunguo unapogeuzwa. Fundi wa spika, wa mahali pengine, alitoboa mlango ili kuweka spika na akapitisha drili kwenye mrija. Tangu siku hiyo mwenye gari alikuwa akitoa ufunguo, anashuka, na injini inaendelea kunguruma. Papa alinionyesha mrija wenyewe akicheka hadi akakaa chini. Wenye Coccinelle nao wana la kwao: nyingi zilizotengenezwa kabla ya nusu ya pili ya mwaka 1967 zinatumia volti 6, na amplifaya ya volti 12 haitawaka humo bila kibadilishi au bila kugeuza mfumo wote. Na katika Land Rover za miaka ya mwanzo ya 1960 upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, hivyo redio ya kisasa ikifungwa kwa mazoea huungua mara moja. Mwulize fundi wako kuhusu mambo haya mawili, volti za gari na upande wa betri uliofungwa kwenye bodi, kabla ya kumkabidhi ufunguo. Jinsi atakavyojibu itakuambia mengi.

Lawama zangu ni za namna nyingine. Muda alionitajia mwanzoni haukuwa na uhusiano wowote na muda uliotumika. Kipuri kikisubiriwa kutoka nje, gari husukumwa pembeni na la mtu mwingine huingizwa, na kipuri kikifika lako linasubiri hilo limalizike. Hapigi simu kutoa habari. Ni wewe wa kupita. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa kwa kuchomelea tu, na chumba cha sauti hulala. Malipo ni fedha taslimu, kwa dola, nusu mwanzoni na salio kwa mafungu yanayofuata kazi, na risiti hutolewa kwa anayeidai kwa kusisitiza. Kuhusu bei, sehemu ya sauti pamoja na vifaa ilinigharimu zaidi ya mara mbili ya makadirio niliyopewa na vijana wa spika wa mjini, na bati lilizidi sauti kwa mbali. Nikilinganisha na kazi niliyoiona ikifanyika, sioni kwamba nilipunjwa, lakini mtu asiende pale akitarajia nafuu, wala asipeleke gari analolitegemea kila asubuhi.

Jambo moja dogo alilonifanyia bila kuombwa limenisaidia kuliko nilivyotegemea. Ndani ya kisanduku cha majivu ya sigara aliweka kipimo kidogo cha volti, kinachoonekana ukifungua kifuniko tu. Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu 12.6, ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na takriban nusu, na betri ya kawaida ya risasi haipendi kuzoeshwa kwenda chini ya hapo. Kwa sisi ambao gari hugeuzwa kuwa ukumbi wa muziki kila kunapokuwa na sherehe ya familia, injini ikiwa imezimwa na shemeji wakidai wimbo mmoja zaidi, namba hiyo ndiyo inayoamua kama tutarudi nyumbani kwa kusukuma.

Anayekusudia kwenda aombe mambo matatu kabla ya kulipa fungu la mwisho: vipuri vyote vya asili vilivyotolewa, mchoro wa waya unaoonyesha kila fyuzi ilipo, na picha za bati kabla halijafunikwa kwa rangi. Papa huvitoa vyote, lakini huvitoa kwa anayeuliza. Viyoyozi hashiki, vitambaa vya viti huvipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani ambaye mishono yake haijanyooka, na kwa magari yenye sindano za petroli za kielektroniki atakuelekeza kwa fundi mwingine, bila kukutoza kitu kwa ushauri huo.